Kikombe Kimevunjika: Lugha ya Ofisi na Mtenda Aliyetoroka

Katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet kuna Viswahili viwili vya kazi, na mtu anaweza kukutana navyo vyote siku moja. Cha kwanza ni cha kituo cha majani chai. Karani anatundika gunia kwenye mizani, anasoma kilo, anaondoa uzito wa gunia lenyewe, risiti inatoka. Maneno ya hapo yanahesabika kwa vidole: kilo, risiti, mbolea, makato, malipo ya mwezi, bonasi. Hata kanuni ya ubora inatoshea katika maneno manne: majani mawili na chipukizi. Kiswahili cha pili ni cha mkutano ulioitishwa na ofisi, ukumbini mjini Bomet au chini ya hema pale Longisa, kando ya barabara iendayo Narok. Hapo husikika sentensi za namna hii: “Uimarishaji wa mifumo ya utoaji wa huduma jumuishi kwa wanufaika umeendelea kutekelezwa kwa ushirikiano na wadau mbalimbali, licha ya changamoto zilizojitokeza.” Sentensi hii haikunukuliwa kutoka ripoti yoyote, imeundwa kwa vipuri vilivyojaa katika ripoti zote, na msomaji wa magazeti ataitambua kama anavyoitambua sauti ya jirani. Ikishasomwa, mshereheshaji huomba makofi ya kilo, na hiyo ndiyo kilo pekee inayopimwa mkutanoni.

Malalamiko kuhusu lugha ya ofisi ni ya zamani, na kwa kawaida huishia kuwa malalamiko ya ladha. Mmoja hapendi kusikia “wadau” mara ishirini kabla ya chai ya saa nne. Mwingine anachukia Kiingereza kilichopachikwa katika kila sentensi. Wa tatu anaona maneno mapya yanaharibu Kiswahili cha wazee. Wote wana haki ya kuudhika, lakini kuudhika hakutufikishi mbali, kwa sababu neno linalomkera mmoja linampendeza mwenzake. Swali lenye manufaa zaidi ni hili: neno hilo linafanya kazi gani pale lilipowekwa? Hoja ya makala haya ni kwamba ubaya wa lugha ya ofisi hauko katika ugeni wa maneno, wala upya wake, wala ugumu wake. Uko katika kumficha mtenda. Sentensi iliyo mbaya kweli ni ile ambayo ukiimaliza hujui nani alifanya, alifanya kiasi gani, na lini; na Kiswahili, kuliko lugha nyingi, kina njia ya kuonyesha hasa mtu huyo alitorokea mlango gani.

Tuanze na kitenzi, kwa sababu hapo ndipo Kiswahili kinapokuwa na ukali. Neno moja tu, “tulinunua”, lina watu ndani yake, lina wakati na lina tendo. Huwezi kukitumia kitenzi hicho bila kusema ni nani: nilinunua, ulinunua, walinunua. Sarufi yenyewe inadai jina kama askari mlangoni. Anayetaka kupita bila kuulizwa inambidi akiache kitenzi na kukigeuza nomino: ununuzi, uboreshaji, uwezeshaji, utekelezaji, uimarishaji. Nomino hizi hazina nafsi wala wakati. “Uimarishaji” haujui kama ulifanyika jana au utafanyika mwaka kesho, wala kama aliyeimarisha ni daktari, diwani au fundi wa paa. Rudi sasa kwenye sentensi ya mkutano. Imebeba “uimarishaji”, “utoaji” na “ushirikiano”, kisha kitenzi kikuu kimoja, “umeendelea”, ambacho mtenda wake ni uimarishaji wenyewe. Yaani uimarishaji umeendelea. Hakuna binadamu aliyeguswa na sentensi hiyo isipokuwa wanufaika na wadau, na hao wote wawili hawana idadi wala kijiji.

Mlango wa pili ni mdogo zaidi, na kila mzazi anaujua. Mtoto aliyeangusha kikombe hasemi “nimekivunja”, husema “kimevunjika”. Kiambishi hicho cha -ika ni hazina ya lugha yetu, kwa sababu yapo mambo mengi ambayo kweli hutokea yenyewe: kamba hukatika, chakula huharibika. Ofisi imekichukua na kukifanya makazi ya kudumu. Mkutano “umefanyika”, pesa “zimetumika”, dawa “hazikupatikana”, na hata bila -ika, changamoto “zimejitokeza”, kana kwamba zilichipuka usiku kama uyoga. Watu wengi huilaumu kauli ya kutendwa, lakini kauli hiyo inaonewa, kwa kuwa ina kiunganishi cha kumtaja mtenda: “daraja lilijengwa na kampuni fulani” ni sentensi safi. Kosa ni kuikata kabla ya “na”. Kauli ya -ika ndiyo isiyokuwa na nafasi ya “na” hata ukiitafuta. Kikombe hakivunjiki “na” mtu. Ndiyo maana mtoto, bila kufundishwa sarufi, anaichagua.

Neno ambalo ofisi za Kenya zimelibeba sana tangu Katiba ya 2010 linafaa kutazamwa kwa karibu vivyo hivyo. Katiba hiyo inautaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa, katika kifungu cha 10, na kulitaka bunge la kila kaunti liuwezeshe, katika kifungu cha 196. Katika Kiswahili cha mikutano, jambo hili mara nyingi huitwa “ushirikishwaji wa umma”. Lifungue neno hilo. Mzizi ni shiriki: mtu anaingia jambo kwa hiari yake, kama anavyoshiriki harusi au mazishi. Ongeza -ish-, unapata shirikisha: sasa yupo mwingine anayemtia ndani. Ongeza -w-, unapata shirikishwa: mwananchi amekuwa mtendewa. Kwa viambishi viwili, mwenye haki amegeuka mgeni mwalikwa. Pengine aliyelitumia mara ya kwanza hakukusudia hivyo, lakini neno limeeleza kwa usahihi wa kutisha kile kinachotokea katika mikutano mingi: watu wanaletwa, wanasomewa waraka mnene ulioandikwa kwa Kiingereza, wanaandikisha majina, wanapewa soda, wanarudi nyumbani wakiwa wameshirikishwa. “Ushiriki” ni neno fupi, la zamani, na lingewaacha wananchi katika kiti chao.

Iwapo haya yangekuwa mambo ya sarufi peke yake, yangewatosha walimu. Lakini maneno hayo yana bei, na mara nyingine bei hiyo huandikwa kwa shilingi. Mfanyabiashara aliyeipelekea kaunti mahindi, dawa au mafuta na hajalipwa, kwa Kiswahili cha sokoni anaidai. Kaunti ni mdaiwa. Ofisini deni hilo huitwa “pending bills”, na hata anayejaribu kulitafsiri husema “bili zinazosubiri”. Angalia kilichotendeka: anayesubiri sasa ni bili. Mtu aliyekopa benki ili anunue mali hiyo, na ambaye benki haimsubiri, ametolewa ndani ya sentensi. Kwa kaunti zote 47, bili hizo kufikia katikati ya mwaka 2024 zilikuwa zimepita shilingi bilioni 150. Kiasi kama hicho kikiitwa kwa jina lake, deni ambalo kaunti imekataa au imeshindwa kulilipa, kingezua swali la nani alikopa na kwa idhini ya nani. Kikiitwa bili inayosubiri, kinazua subira.

Mfano wa afya ni wa hivi karibuni na unaigusa Longisa moja kwa moja, kwa kuwa hapo ndipo ilipo hospitali ya rufaa ya kaunti. Chini ya ile bima ya zamani, NHIF, mkulima asiye na mshahara alilipa shilingi 500 kwa mwezi. Maneno mawili, “mia tano”, yalitosha kumweleza bibi wa kijijini anachodaiwa, na yeyote aliyemdai zaidi alijulikana kuwa mwizi. Tarehe 1 Oktoba 2024 mfumo mpya wa bima ya afya, SHA, ulishika nafasi yake. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake. Asiye na mshahara hujibu maswali kuhusu nyumba, mifugo na namna ya maisha yake, kisha mtambo unakadiria mapato yake na kumpa kiwango ambacho hakiwezi kupungua shilingi 300 kwa mwezi. Nia ina mantiki, kwamba maskini alipe kidogo na mwenye nacho alipe zaidi, na mia tatu ni chini ya mia tano. Lakini jambo hilo lilifika vijijini likiwa limevaa jina la “tathmini ya uwezo wa kifedha kwa wanachama wa sekta isiyo rasmi”. Mkulima wa chai, ambaye majani yake hupimwa kwa mizani ya kielektroniki, hukatwa mbolea kwa hesabu na kulipwa kupitia kiwanda chenye bodi ya wakurugenzi, anaambiwa hayuko rasmi. Na kiwango alichopewa kimetoka wapi? “Kimetathminiwa.” Hakuna mtu wa kumwuliza kwa nini ng’ombe wawili wamehesabiwa kuwa utajiri, kwa sababu sentensi haikumtaja mtu.

Kwa nini watu wenye akili timamu, ambao nyumbani husema “nimesahau kununua chumvi” bila matatizo, huandika hivi wakiketi ofisini? Ni rahisi kujibu kwamba wanajifanya. Majivuno yapo: katika nchi ambako Kiingereza ndicho kilichokuwa ngazi ya kutoka shambani, mtu aliyeipanda hutamani ngazi ionekane. Lakini majivuno hayaelezi kwa nini hata afisa mnyenyekevu huandika vivyo hivyo. Woga unaeleza zaidi. Sentensi yenye jina, kiasi na tarehe inaweza kukaguliwa. Ukiandika “tutafikisha mifuko 400 ya mbolea kabla ya mvua za Machi”, umejifunga mwenyewe. Ikifika Aprili na mifuko 250, karatasi yako ndiyo shahidi wa kwanza dhidi yako. Ukiandika “mikakati kabambe imewekwa ili kuboresha upatikanaji wa pembejeo”, hakuna mkaguzi atakayekukamata, maana hujasema lolote linaloweza kuwa uongo. Ukungu ni bima ya mwajiriwa, tofauti na ile ya afya kwa kuwa haina tathmini wala malipo.

Wapo watakaosema mzizi wa ukungu huu ni ukoloni. Kuna ukweli ndani yake, lakini historia ya mashamba haya inautatiza. Makampuni ya Uingereza yalipoanza kupanda chai kwa wingi Kericho katika miaka ya 1920, Kiswahili cha amri kilichokuja nayo kilikuwa kikavu na cha matusi, ila hakikuwa na ukungu. Nyapara alikuwa mtu anayeonekana, mwenye fimbo. Kipande kilikuwa cheti cha mfanyakazi ndani ya kikasha cha chuma kinachoning’inia shingoni, na kila aliyekivaa alijua nani alimvisha. Maneno yale yalikuwa mabaya kwa sababu ya mambo yaliyoyabeba, na ubaya wake ulikuwa wazi kiasi kwamba watu waliweza kuupinga kwa jina. Lugha ya ukungu ni zao la utawala wa aina nyingine, unaotakiwa kuwaeleza wananchi unachofanya na usiopenda kuulizwa sana. Kwa maana hiyo, ukungu huo ni ushuru ambao uongo hulipa kwa demokrasia: dikteta hahitaji kusema “ushirikishwaji”.

Pingamizi la kwanza lenye uzito ni kwamba kila kazi ina istilahi zake, na kuzibeza ni kubeza ujuzi. Ni kweli kabisa, na ndiyo maana kipimo cha mtenda ni bora kuliko kipimo cha ugumu. Fikiria “rufaa”. Ni neno la mahakama, la kupeleka kesi kwa mwenye mamlaka ya juu, ambalo hospitali zimelichukua kwa mgonjwa anayehamishwa kwenda kwa mabingwa. Ni istilahi, na kila mgonjwa anaielewa, kwa sababu ina mtu anayempeleka, mtu anayepelekwa na mahali anapopelekwa. Au fikiria “ugatuzi”. Kabla ya Katiba ya 2010, Wakenya wachache walikuwa wakilitumia. Baada ya uchaguzi wa 2013, Bomet ilipopata gavana na bunge lake, neno hilo liliingia midomoni kwa sababu watu waliona pesa, ofisi na ugomvi wake. Sasa mkulima anaweza kusema hospitali imegatuliwa na polisi hawakugatuliwa, na akawa sahihi. Neno gumu lililofungwa kwenye kitu halikai gumu kwa muda mrefu. “Bonasi” ni la kigeni kuliko “uwezeshaji”, lakini lina kilo nyuma yake, na ndiyo maana kila mwaka viwanda vya magharibi mwa Bonde la Ufa vinapotangaza malipo yaliyo chini ya yale ya mashariki, wakulima hubishana kwa senti, wala hakuna anayewaambia kwamba hawakuelewa istilahi.

Pingamizi la pili hutoka kwa wapenzi wa Kiswahili, nao husema: dawa ni kuacha Kiingereza. Ofisi zikifanya kazi kwa lugha ya taifa, ambayo kifungu cha 7 cha Katiba kimeitaja pia kuwa lugha rasmi, ukungu utatoweka. Ushahidi wa majirani haukubali. Tanzania ilitangaza Januari 1967 kwamba shughuli za serikali ziendeshwe kwa Kiswahili, na mwaka huohuo ikaunda Baraza la Kiswahili la Taifa. Mafanikio yake ni makubwa, na Mkenya anayekwenda ofisi ya wilaya kule huona wivu. Lakini ni huko huko ambako “mchakato”, “wadau”, “masuala mtambuka”, “upembuzi yakinifu” na “mazingira wezeshi” vimestawi kama magugu baada ya mvua, na “changamoto” imemeza tatizo, upungufu, kosa na wizi, yote kwa mkupuo mmoja. Kila mojawapo ya maneno hayo ni Kiswahili halali. Ukungu una pasipoti ya kila nchi: George Orwell aliulalamikia katika Kiingereza cha Uingereza mwaka 1946, na Marekani iliona haja ya kutunga sheria mwaka 2010 kuziamuru idara zake ziandike kwa lugha inayoeleweka. Kutafsiri sentensi isiyo na mtu huzaa sentensi nyingine isiyo na mtu.

Pingamizi la tatu ndilo linalostahili heshima zaidi, kwa kuwa linatoka ndani ya adabu zetu. Mswahili hasemi kila kitu kwa ukali wake. Tunasema mgonjwa “amepumzika”, mjamzito “amejifungua”, mtu “amekwenda haja”. Wakipsigis wa nchi hii ya chai nao wana mizunguko yao ya heshima mbele ya wazee. Je, afisa anayesema “changamoto” badala ya “tumeshindwa” hafanyi tafsida ileile? Tofauti inaonekana ukiuliza tafsida inamlinda nani. “Amepumzika” inamlinda mfiwa, naye anajua vema kilichotokea. Hakuna taarifa aliyonyimwa. “Dawa hazikupatikana kutokana na changamoto za kimfumo” inamlinda msemaji, na mgonjwa anaondoka bila kujua kama arudi Jumatatu au auze mbuzi akanunue dawa kwingine. Adabu humpunguzia msikilizaji maumivu na kumwachia habari yake. Lugha ya ofisi huondoka na habari na kumwachia maumivu.

Kwamba mambo mazito yanaweza kusemwa bila ukungu, Kenya ilijionyesha yenyewe Juni 2024. Mswada wa Fedha wa mwaka huo ulikuwa waraka wa kisheria ambao wananchi wachache wangeufungua. Vijana waliugawana, wakaufafanua kwa Kiswahili, kwa Sheng na kwa lugha za nyumbani katika video fupi, kifungu kwa kifungu. “Kuondolewa kwa bidhaa katika orodha ya zisizotozwa” kukawa: mkate utatozwa asilimia 16. “Ushuru wa magari” ukawa: kila mwaka utalipa asilimia 2.5 ya bei ya gari lako. Mtu anaweza kupinga au kuunga mkono yaliyofuata, maandamano ya tarehe 25 na damu iliyomwagika, kisha Rais kukataa kuutia sahihi mswada huo siku iliyofuata. Lakini hakuna anayeweza kusema tena kwamba mwananchi wa kawaida hawezi kuelewa sheria ya fedha. Alikuwa hajaambiwa.

Longisa ina chombo chake cha kupimia, nacho hakihitaji sheria mpya. Katika mikutano mingi ya eneo hili yupo mtu wa kutafsiri kwa Kipsigis, ili wazee wasiachwe nje. Mtafsiri huyo ana kazi ya kikatili, kwa kuwa mzee aliyezoea mashauri ya kokwet, baraza la ujirani, ambako anayedai ng’ombe hutaja ng’ombe yupi na anayeshtaki humtaja anayemshtaki, atamwuliza papo hapo: nani kasema atafanya nini? Mpe mtafsiri sentensi ya “tulinunua vitanda 12 mwezi wa Februari, vitatu vimeharibika, na atakayevitengeneza ni fundi wa kaunti”, ataimaliza kwa pumzi moja. Mpe ile ya uimarishaji wa mifumo. Atanyamaza kidogo, kisha atasema kwa Kipsigis kitu kama “wanasema wanaendelea na kazi”. Hajapunguza neno hata moja, kwa sababu hakukuwa na kingine ndani yake. Ofisi ingeweza kumpa mtafsiri ripoti siku mbili kabla ya mkutano, na kila mahali atakapoandika pembeni “nani?” au “ngapi?”, aliyeandika ajaze jibu kabla ya kutia sahihi. Kazi hiyo haitaleta dawa wala kupandisha bonasi. Itafanya tu kile ambacho karani wa chai hufanya kila siku kwa gunia: kuondoa uzito wa kifungashio, na kumwandikia mtu kilichobaki.